Uzi Umeimba na Hakuna Mtu Ameuita

Mwezi huu barua zimekuja za kila aina, kuna anayeuliza gita ya kununua, kuna anayeuliza ampu, kuna mmoja amenitumia picha ya kidole chake kimetoka malengelenge na hakuuliza kitu, pole ndugu, yataisha. Lakini nikizisoma mpaka mwisho nakuta wengi wanalia kilio kimoja, wanapiga nyuzi tatu alafu zinaimba tano. Bas leo nimeziweka hizo pamoja. Tuelewane kitu moja kwanza: nahesabu nyuzi kutoka ule mwembamba kabisa ulio karibu na goti lako ukikaa. Wa kwanza ni E, wa pili B, wa tatu G, wa nne D, wa tano A, na wa sita ni ile E nene iliyo karibu na kidevu chako. Na nikisema kodi namaanisha kodi ya gita, noti kadhaa zinazopigwa pamoja, sio ile ya ushuru ya KRA, hiyo nayo hainyamazishwi na mtu.

SWALI: Mwalimu salamu sana. Napiga gita kanisani hapa Nyalenda, Kisumu, mwaka wa pili sasa. Kodi nazijua vizuri. Shida nikipiga D mpiga besi ananiangalia vibaya, ati naingilia kazi yake, na mimi napiga D tu vile nilifunzwa! Nikiwa nyumbani peke yangu naskia iko sawa kabisa. Shida ni vidole vyangu ama ni gita? Ni ya nyuzi za chuma, nilinunua ikiwa imetumika. – Mpiga gita wa Nyalenda

JIBU: Ndugu yangu, huyo mpiga besi usimkasirikie, ako sawa.

D inataka nyuzi nne tu, kutoka wa nne kushuka mpaka wa kwanza. Wa tano ni A, na A imo ndani ya kodi ya D, kwa hivyo ukiupitia kwa bahati mbaya hakuna mtu atazimia. Matata ni wa sita. Hiyo ni E, haimo kwa D hata kidogo, na ndiyo noti ya chini kabisa kwa gita yako, mitetemo 82 hivi kwa sekunde. Sasa mpiga besi akipiga D yake pale freti ya tano (freti ni vile vichuma vinavyokatiza shingo) ya uzi wake wa A anatoa mitetemo 73 hivi. Hizo mbili ziko karibu sana na ziko chini sana, zikiimba pamoja zinagombana, sauti inakuwa matope, na watu kwa viti wanafikiri ni besi imekosea. Ndo maana anakuangalia hivyo. Nyumbani hakuna besi, gita iko peke yake, na sikio lako linaisamehe kwa sababu unajua ulitaka kupiga nini.

Mimi hii kitu nilifunzwa kwa aibu. Ilikuwa harusi upande wa Vihiga, jenereta inanguruma nyuma ya hema, nimepewa ridhimu, ile gita ya kuchapa kodi, kwa sababu mwenye ridhimu alichelewa, na mimi nachapa D kwa raha zangu zote, mkono unapanda unashuka. Mzee wa solo akaacha kupiga. Akakuja mpaka karibu na mimi, hakusema kitu, akanyoosha kidole chake kimoja akakiweka juu ya uzi wangu wa sita kama mtu anaguza paji la mtoto kuskia kama ako na homa. Wimbo ukasafika hapo hapo, kama dirisha limepanguswa. Na akakaa hivyo ubeti mzima, yeye hapigi, ameshika tu uzi wangu, watu wakapiga makofi wakidhani ni maonyesho. Mimi nilikuwa nataka ardhi ipasuke.

Sasa kidole cha huyo mzee, wewe weka gumba lako. Shika shingo ya gita kama vile ungeshika mpini wa jembe, gumba lichungulie juu, na nyama ya pembeni ya gumba iguze uzi wa sita. Iguze tu, usibane, ukibana utatoa noti ingine na tutakuwa tumeongeza shida. Jaribu sasa hivi: weka D, weka gumba, alafu piga uzi wa sita peke yake. Ukiskia "tak" iliyokufa, uko sawa. Ukiskia "dinn" hata ya mbali, gumba halijafika, sogeza kiganja juu kidogo. Wiki ya kwanza kiungo cha gumba kitauma na D yenyewe itaanza kutoa mkwaruzo kwa sababu vidole vingine vimevutwa, hiyo ni kawaida, vinazoea. Jimi Hendrix, yule nyota wa gita wa Marekani, gumba lake lilikuwa linafanya kazi huko juu ya shingo kila siku, mara linabana mara linanyamazisha, na hakuna mtu alimwambia anashika vibaya.

Kodi ya A tumia gumba hivyo hivyo, ingawa hapo kosa ni dogo maana E imo ndani ya A. C haihitaji hata gumba: kidole cha pete kinachobana uzi wa tano freti ya tatu, kisukume juu nywele moja tu, ncha yake iguze wa sita, umemaliza. B7 ni kidole cha kati ndo kinafanya hiyo kazi. Bm ile ya kulaza kidole, usilaze kidole cha shahada mpaka kipite uzi wa sita, kisimamishe ncha yake pale pale kando ya uzi wa sita, kibane watano alafu kiuchome huyo wa mwisho kwa ubavu. Kila kidole kinabana mmoja na kinachunga jirani, ukishaelewa hivyo hutahitaji mtu akuchoree kila kodi.

Kuna walimu watakuambia usihangaike, anza tu kupiga kutoka uzi wa nne, lenga vizuri. Sawa, kwa tenzi za polepole utalenga. Lakini tunajua vile inakuanga, sifa zikipanda, watu wamesimama, mpiga ngoma ameongeza mwendo bila kuuliza mtu, mkono wako hautalenga chochote. Mkono wa kupiga uache uwe huru, wa kushoto ndo uwe askari.

SWALI: Hujambo mwalimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kakamega na nimeanza gita nikiwa na miaka 41 tafadhali usinicheke. Niliuziwa gita ya nyuzi za plastiki, shingo yake ni pana kama ubao. Kila mahali naona wanasema tumia kidole gumba kuzima uzi wa juu. Changu hakifiki, nimejaribu mpaka mkono umeshikwa na misuli. Je, niuze hii gita? – Mama wa Lurambi

JIBU: Mwalimu mwenzangu sikucheki na usiuze gita. Hiyo ni gita ya klasiki, na shingo yake huko mwanzoni ina milimita 52 hivi, ya chuma ya kawaida ina 43 hivi. Hiyo tofauti inakaribia upana wa kidole chako cha mwisho. Haikutengenezwa ishikwe kama jembe, gumba lake linakaa nyuma ya shingo, katikati, limetulia. Mtu akikuambia uvute gumba mpaka juu kwa hiyo gita anakutafutia daktari.

Tumia mkono wa kulia. Kwa kuwa nadhani unapiga kwa vidole na sio piki, kile kiplastiki cha kupigia, gumba lako la kulia ndo linasimamia nyuzi tatu nene. Ukiwa kwa D, noti ya chini unayotaka ni uzi wa nne. Ukishaupiga, gumba lisirudi hewani kama kuku ameshtuka, liachie lianguke lipumzike juu ya wa tano, na ubavu wake uguze wa sita. Ukitaka kupiga tena linainuka kutoka hapo. Mwanzoni utaona ni kama unafanya kazi mara mbili, baada ya siku kumi hivi gumba litaanza kurudi lenyewe.

Na kuna kitu watu husahau, mkisoma haya yote mtadhani sauti ya uzi ni adui. Sio hivyo. Wewe uko Kakamega, nyumbani kwa omutibo! Ile kupiga ya gumba na kidole cha shahada, gumba linatembea kwa nyuzi nene na shahada inaimba juu, na mwingine kando anagonga chupa ya soda, hiyo ndo George Mukabi aliwaachia watu wa huko kabla afariki 1963. Kwa hiyo kupiga nyuzi nene zinaachwa zinaimba kidogo, zinashika ile ya juu kama mikono. Ukizizima zote wimbo unakauka unabaki mifupa. Kwa hivyo zima ile ambayo haimo kwa kodi, na zima ile ya kodi iliyopita wakati unabadilisha. Ukitoka E kwenda D, ile E ya uzi wa sita ikiendelea kuimba chini ya D, hapo ndo mwanafunzi wako wa darasa la nne atakuuliza mbona inalia vibaya.

SWALI: Bro niaje, niko Section 58 Nakuru, nina gita ya umeme na pedali moja ya distoshoni. Nikipiga solo bila pedali iko fiti sana, nikiwasha pedali inakuwa kelele tupu, nyuzi zingine zinavuma zenyewe na SIJAZIGUZA kabisa, naapa. Hasa nikivuta uzi. Nilinunua pedali ingine ya kuzima kelele lakini inanyamaza tu nikiacha kupiga, nikianza inarudi. Nisaidie kabla jirani wanifukuze. – Kijana wa Section 58

JIBU: Nakuamini hujaziguza. Hapo ndo pako na siri na wacha nikuonyeshe, chukua gita, hata bila ampu.

Bana uzi wa nne freti ya tano. Piga kwa nguvu moja. Hesabu mbili, alafu nyanyua kidole kidogo uzi wa nne unyamaze, uufunike kabisa. Sasa skiza. Kuna sauti bado inaimba, si ndiyo? Ni uzi wa tatu, ambao hakuna mtu ameuguza. Noti uliyopiga ni G, na uzi wa tatu ukiwa wazi ni G ile ile, kwa hivyo umeskia mwenzake ameitwa na ukaitika. Jaribu pia A ya uzi wa tatu freti ya pili: hiyo inaamsha uzi wa tano kwa sababu moja ni mitetemo 220 na ingine 110, nusu yake kabisa. Gita nzima imejaa hizo undugu. Bila pedali, hiyo sauti ni ndogo, mtu haiskii. Distoshoni kazi yake ni kuchukua kila kitu kidogo na kukipandisha kikaribie kikubwa, sasa ule uzi uliokuwa unanong'ona unapiga kelele sawa na solo yako. Na hiyo pedali yako ya pili haina makosa, yenyewe inafunga mlango sauti ikishuka chini ya kiasi fulani, sasa ukiwa unapiga mlango uko wazi na wote wanaingia, solo na wageni wake. Hiyo pesa ungenunua nyuzi.

Dawa ni mikono miwili kugawana kazi. Nyuzi zilizo NENE kuliko unayopiga, hizo ni za mkono wa kulia, laza ule ubavu wa kiganja upande wa kidole cha mwisho juu yake, karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwa mwili wa gita, na ukipanda kwenda nyuzi nyembamba kiganja kinakufuata kinaendelea kufunika. Nyuzi NYEMBAMBA kuliko unayopiga ni za kidole cha shahada cha kushoto, kisisimame kama msumari, kilaze kidogo, ncha inabana na tumbo la kidole linaguza zilizo chini yake. Na ule uzi mmoja mnene ulio jirani kabisa na ule unaopiga, ncha ya shahada inaugusa. Ukifanya hivyo uko na uzi mmoja hai na watano wamelala.

Sasa kuvuta, maana umesema hasa ukivuta. Ukivuta uzi wa tatu kwenda juu kidole chako kinaingia chini ya wa nne ama kinausukuma. Ukirudi chini, unauachilia kama manati, na huo ndo unaoskia "ngwuu" mwishoni. Kabla hujavuta hakikisha kiganja cha kulia tayari kiko juu ya wa nne na wa tano, na utumie vidole vitatu, pete inabana, kati inasaidia, shahada haivuti, inaguza tu wa nne imelala. Usitoe kiganja mpaka noti imerudi nyumbani.

Alafu mtego mmoja ambao ulinisumbua mwaka mzima. Ukizima uzi kwa kidole KIMOJA na kikaangukia juu ya freti ya 12, ama ya 7, ama ya 5, hautanyamaza, utatoa kengele, ile tiiing nyembamba. Hizo ni sehemu uzi unajigawa mara mbili, mara tatu, mara nne, na kidole kilichoguza polepole hapo kinaruhusu kipande kiimbe. Kwa distoshoni hiyo kengele inatoka kama filimbi ya refa. Kwa hivyo ukinyamazisha na kushoto, weka vidole viwili ama vitatu, uzi hauwezi kupata nafasi.

Zoezi, na hili ni la bure na ni gumu kuliko linavyoonekana: chagua noti moja, tuseme uzi wa tatu freti ya saba, alafu chapa nyuzi ZOTE sita kwa mkono mpana, kwa nguvu, na isikike noti moja tu. Zingine ziseme "chk". Mpigo mmoja kwa sekunde. Ukiweza hapo hamia uzi wa pili, alafu wa nne. Rekodi na simu, usijiamini na sikio lako ukiwa unapiga, sikio linaskia kile mkono umekusudia. Freddie Green, aliyepiga ridhimu kwa bendi ya jazi ya Count Basie kuanzia 1937, alikuwa anachapa hivyo hivyo, mkono unapita nyuzi zote lakini zinazoimba ni mbili tatu, wakati mwingine moja tu, na bendi nzima ya tarumbeta ikasimama juu ya hiyo.

Na jirani wapunguzie sauti tu, hiyo siwezi kukusaidia na kiganja.

SWALI: Kuna jamaa huku Bungoma anafunga kitambaa kwa shingo ya gita anaposolo, wengine wanasema huo ni udanganyifu, kwamba hajui kupiga. Wewe unasemaje? Na mimi napiga besi, je kuna ya besi? – Wa Kanduyi

JIBU: Sio udanganyifu. Ni kama aproni, mpishi anavaa na bado ni mpishi. Kitambaa ama ile raba ya nywele ya dada yako ikifungwa karibu na freti ya kwanza inazima nyuzi zilizo wazi zisiitike, na ukibana noti mbele yake inaimba kawaida. Studio wanafanya hivyo sana. Ubaya wake ni mmoja: ukitaka uzi wazi, hauko tena, kwa hivyo kodi za chini zote, G, C, D, A, zimekwenda. Huyo jamaa akitoka kwa solo arudi kwa ridhimu lazima akivute kitambaa kipite kile kimfupa cheupe cha mwanzo wa shingo, kikae juu kwa kichwa cha gita, na nimewahi ona mtu akisahau, akaingia koresi na G iliyokufa kabisa, kanisa lote likageuka. Ningemshauri afanye mazoezi bila kitambaa, akirekodi akivae.

Besi iko na yake nzuri zaidi na ni ya zamani. Besi za kwanza za kampuni ya Fender zilikuja na kipande cha sponji ndani ya kile kifuniko cha daraja, kinaguza nyuzi kutoka juu, na James Jamerson aliyepiga kwa nyimbo za Motown, ile kampuni ya rekodi ya Marekani, aliiacha hapo, ndo ile besi unaskia ni "dum" na sio "dummmm". Wewe nenda kwa yule fundi wa makochi, muombe kipande cha godoro, hata hatakuuzia, kikate upana wa vidole viwili, urefu wa nyuzi zote nne, ukisukume chini ya nyuzi mkabala na daraja. Kiguze tu, kisiinue nyuzi. Godoro gumu linaua sauti sana, lile laini limezeeka kidogo ndo tamu. Ukiona noti zimekuwa juu kidogo baada ya kuweka, tyuni tena, kuna mahali limesukuma.

SWALI: Gita yangu inavuma "mmmm" hata nikifunika nyuzi zote sita na mikono miwili. Nimejaribu mbinu zote. – Msomaji, Busia

JIBU: Hiyo sio nyuzi ndugu, hiyo ni umeme. Stima yetu inatetemeka mara 50 kwa sekunde, na huo mvumo ni wake na watoto wake. Ukiguza daraja la chuma mvumo ukapungua, hiyo ni kawaida kwa gita nyingi, jaribu kukaa mbali na taa za mrija na chaja za simu, ubadilishe waya. Lakini ukiguza uskie kama umechomwa, hata kidogo, ZIMA kila kitu kwa swichi ya ukuta, chomoa, na usipige tena hapo mpaka fundi wa umeme aangalie ethi, ile waya ya kupeleka umeme ardhini. Hapo sibembelezi mtu.

SWALI: Mwalimu, mimi ni wa Siaya. Baba yangu alikuwa anapiga benga zamani, na nikimwambia nafunzwa kunyamazisha nyuzi ananiambia hizo ni mambo ya vijana wa intaneti, wao hawakunyamazisha kitu, walipiga tu. Nimkubalie ama nikukubalie wewe? – Mtoto wa jathum

JIBU: Hapa unataka kunigombanisha na mzee, na mimi sitagombana na mtu aliyepiga benga, nitamwamkia kwanza.

Lakini fanya hivi. Weka rekodi yoyote ya benga ya zamani, hata ya D.O. Misiani, yule aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania na akafariki Kisumu 2006, uiskilize solo tu, sahau maneno. Noti ziko fupi, si ndiyo? Kila moja inatoka inakufa kabla ingine haijaingia, tik-tik-tik, kavu, unaweza kuzihesabu hata zikikimbia. Sasa gita ya umeme, yenyewe kama imeachwa, haifanyi hivyo. Noti yake inakaa. Kwa hivyo kuna mtu aliikata, na mtu huyo ni kidole cha kushoto. Ukipiga unabana, papo hapo unalegeza, kidole hakitoki juu ya uzi, kinaacha tu kukandamiza, na uzi unanyamaza chini yake. Wale wazee walitoa hiyo kwa nyatiti, kile kinubi cha Wajaluo. Nyatiti ina nyuzi nane, haina freti hata moja, ukipiga uzi sauti yake inaisha haraka yenyewe, kwa hivyo jathum, yaani mpiga nyatiti, anajaza nafasi na noti nyingi. Waliposhika gita wakataka iongee vile vile, na njia ya kuifanya iongee hivyo ni kuikata. Mzee hakuiita kunyamazisha kwa sababu hakuna aliyempa jina lake, aliona mkubwa wake akifanya naye akafanya.

Ukitaka kuhakikisha usimbishie. Mpe gita. Mwambie akupigie kitu anachopenda, polepole, alafu usiangalie mkono wa kupiga vile sisi wote huangalia, kaa upande wa kushoto wake uangalie ile shahada. Utaiona inalala na kuamka, inalala na kuamka, na ukimuuliza baadaye alikuwa anafanya nini na hicho kidole atakuambia "kidole gani?"

Alafu uniandikie alipiga wimbo gani.